Darubini ndogo sio ya picha tu, mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yako ya barua. Nimeisoma ile makala ya ukurasa wa sayansi kuhusu watu wanaoangalia nyota kwa darubini ndogo, imeandikwa vizuri na mwandishi wenu sina ugomvi nae, ila kuna sentensi moja imenikwama kooni mpaka leo, ile inayosema mwenye darubini ndogo atafurahisha macho na kupiga picha za kupendeza basi, sayansi yenyewe ni ya mitambo mikubwa kama James Webb, ile darubini iliyoko angani. Hapo nakataa. Nakataa kabisa manake kuna kifaa kimoja hamjakitaja hata mara moja kwenye makala nzima, na kifaa hicho ndo kinachofanya darubini ya kioo cha sentimita 20 iache kuwa kitu cha kutazamia na iwe chombo cha kupimia. Kinaitwa spektrografu.

Tuanze na huyo huyo James Webb wenu. Julai 2022 walipotoa matokeo ya kwanza kwa umma vilitoka vitu vitano, picha nne na mchoro mmoja wa mstari unaopanda na kushuka. Picha mlizichapa kwa rangi, mchoro mkauacha, na mchoro ule ndo uliokuwa unaonyesha alama za mvuke wa maji kwenye hewa ya sayari WASP-96 b, sayari iliyo mbali zaidi ya miaka 1,000 ya mwanga. Sasa niambie mhariri, habari hapo ilikuwa ipi? Ule mtambo una vyombo vinne vya kisayansi na vyote vinne vinaweza kuchambua mwanga kwa namna moja au nyingine, yaani hata hao wakubwa wanajua kwamba picha peke yake haiwafikishi mbali.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusikia habari hii nitaieleza kwa ufupi. Mwanga wa nyota unaingia kwenye darubini ukiwa umechanganyika, rangi zote kwa pamoja. Spektrografu inautandaza kuanzia zambarau mpaka nyekundu, ama kwa mche wa kioo ama kwa gretingi, yaani kipande kilichochorwa mistari myembamba sana inayoenda sambamba, kuna gretingi za mistari 100 kwa milimita na kuna zinazofika 2,400. Mwanga ukishatandazwa unaona kuna mahali umekatwa na mistari myeusi, na kila elementi ina mistari yake na mahali pake. Mahali hapo panapimwa kwa urefu wa wimbi la mwanga, kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Mstari mwekundu wa haidrojeni uko nanomita 656.3, unaofuata uko 486.1, alafu 434.0 na 410.2. Sodiamu ina miwili imekaa karibu karibu, 589.0 na 589.6. Namba hizo maabara ni hizo hizo na kwenye nyota ni hizo hizo, kwa hiyo ukikuta mstari umesogea kidogo kutoka mahali pake unajua nyota ndo inayotembea, inatujia au inatukimbia, na kwa kiasi gani. Mstari wa haidrojeni wa 656.3 ukisogea sehemu ya kumi tu ya nanomita hiyo ni spidi ya karibu kilomita 46 kwa sekunde. Picha gani itakwambia hilo?

Historia nayo iko upande wangu. Mwaka 1835 mwanafalsafa mmoja Mfaransa, Auguste Comte, aliandika kwamba nyota hatutakaa tujue zimeundwa na kitu gani, na kwa wakati ule maneno yake yalionekana ya busara tu. Akafariki 1857. Miaka miwili baadae wanasayansi Kirchhoff na Bunsen kule Heidelberg, Ujerumani, wakaonyesha kwamba ile mistari myeusi ambayo Fraunhofer alikuwa ameshaichora kwa mamia kwenye mwanga wa Jua tangu 1814 ni alama za elementi. Mwaka 1868 ukaonekana mstari wa njano kwenye Jua usiolingana na sodiamu wala na kitu chochote kilichojulikana duniani, ndo heliamu hiyo, na ikasubiri mpaka 1895 mwanakemia Ramsay alipoipata kwenye madini hapa hapa duniani. Elementi nzima imejulikana kutoka kwenye Jua kabla mtu hajaishika mkononi!

Lakini ninayempenda mimi kwenye stori hii ni William Huggins wa London. Huyu hakuwa profesa mahali popote, alitoka kwenye familia ya wauza vitambaa, biashara akaiacha akajenga mahali pa kuangalia nyota nyumbani kwake. Mwaka 1864 akaielekeza darubini yake kwenye nebula, yaani kitu kinachoonekana kama wingu angani, ile ya Jicho la Paka, iliyo katika kundinyota la Joka, akaweka spektroskopu, yaani spektrografu ya kuangalia kwa jicho, na badala ya rangi zote zilizotandazwa akaona mistari michache inayong'aa basi. Maana yake ile haikuwa rundo la nyota zisizotenganishika, ilikuwa gesi. Ubishi wa miaka mingi ukaisha usiku mmoja. Lenzi ya darubini yake ilikuwa na upana wa sentimita 20. Ndio mhariri, ishirini, saizi ile ile ambayo makala yenu imeiita ya kufurahisha macho, na yeye hakuwa na kamera ya kidijitali wala kompyuta.

Saivi mambo ni mepesi kuliko ya Huggins kwa mbali. Njia rahisi kuliko zote ni gretingi ya mistari 100 kwa milimita iliyowekwa ndani ya fremu ya kawaida ya filta ya darubini, ile ya milimita 31.7, unaizungusha mbele ya kamera kama filta yoyote ile na kazi imeanza. Kwenye picha nyota inatokea kama nukta na pembeni yake kuna mkia mrefu wa rangi, huo mkia ndo spektra. Gretingi ikiwa milimita 50 kutoka kwenye sensa ya kamera na pikseli zako zikiwa za mikromita 4 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kila pikseli moja inabeba nanomita 0.8, kwa hiyo mwanga wote unaoonekana kwa macho unaenea kwenye pikseli kama 460 hivi, kamera ndogo tu inatosha. Ielekeze Vega au Sirius, mistari ya haidrojeni utaiona bila hata kuambiwa iko wapi. Ielekeze Betelgeuse, haidrojeni kama imepotea na badala yake kuna mabonde mapana mapana, hayo ni ya oksaidi ya titani, molekuli ambayo haiwezi kukaa kwenye nyota ya moto mkali, kwa hiyo umeshajua Betelgeuse imepoa, joto lake liko kwenye kelvini 3,500 hivi wakati Jua letu liko karibu 5,770. Na walio karibu na ikweta au kusini wana bahati yao, Gamma Velorum inaonekana kwa macho matupu na ndani yake kuna nyota ya Wolf-Rayet, hizi badala ya mistari myeusi zina mistari minene inayong'aa, ya kaboni, kwasababu nyota inapuliza gesi yake nje kwa nguvu za ajabu.

Kuna moja la kushangaza zaidi na hili limethibitishwa na watu wa ridhaa wenye darubini za saizi hiyo. Ni kwaza 3C 273, kwaza ni kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa kupita kiasi. Mwaka 1963 mwanaastronomia Maarten Schmidt aliitumia darubini ya mita 5 ya Palomar kule Marekani kugundua kwamba mistari yake ni ya haidrojeni ya kawaida tu ila imesogea kwa asilimia 15.8 kuelekea nyekundu, na dunia nzima ya astronomia ikatikisika. Leo mstari ule wa 486 unauona mwenyewe umehamia karibu na 563, kwa darubini ya sentimita 20 na hiyo gretingi ndogo niliyoitaja, na mwanga huo umesafiri zaidi ya miaka bilioni mbili.

Gretingi ya mbele ya kamera ina mipaka yake lazima niseme. Haina mwanya, yaani upenyo mwembamba wa kupitishia mwanga, kwa hiyo ukali wa spektra unategemea nyota imetulia kiasi gani, hewa ikichezacheza mistari inavimba, na vitu vipana kama Mwezi au nebula kubwa vinatoka uji mtupu. Anayetaka vipimo vya kweli anahamia kwenye spektrografu ya mwanya, mwanya wenyewe una upana wa mikromita 20 au zaidi kidogo, nyota unaibana humo ndani na kuishikilia muda wote wa kupiga huku dunia inazunguka. Hapo ndo utaalamu ulipo na hapo ndo wengi wanakimbia, siwalaumu. Alafu kuna taa ya neoni ya kukaliburishia ili ujue pikseli ipi ni nanomita ngapi, kuna nyota ya rejea ya kusahihishia tabia ya kamera na hewa, kuna hesabu ya kutoa mwendo wa dunia yenyewe kwasababu tunalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde na hilo linaonekana kabisa kwenye mstari. Kazi ya mezani ni ndefu kuliko kazi ya nje.

Sasa nisikilize hapa mhariri kwasababu hapa ndo makala yenu ilipokosea zaidi. Watu wanadhani darubini kubwa inazidi ndogo kwa kila kitu. Kwenye spektra sio hivyo. Darubini yenye fokasi ya mita 1, yaani umbali ambao kioo kinakusanyia mwanga, inaitua nyota kwenye doa la mikromita 15 hadi 20 tu, doa dogo linapita kwenye mwanya mdogo, na mwanya mdogo unaruhusu spektrografu ndogo itenganishe mistari vizuri. Chukua sasa darubini ya kioo cha mita 8, fokasi yake ni ndefu kwa hiyo doa la nyota ile ile ni kubwa mara nyingi, ukitaka utenganishaji ule ule bila kutupa mwanga inabidi spektrografu nayo ikue, inakuwa mtambo wa kujaza chumba. Ndo maana kifaa kinachoingia kwenye begi la mgongoni, kwa mfano Lhires III ikiwa na gretingi ya 2,400, kinaweza kutenganisha sehemu moja kati ya 17,000 ya urefu wa wimbi, kiwango ambacho mtafiti yeyote hawezi kukidharau. Wakubwa wanatuzidi kwa nyota hafifu, hilo halina ubishi, mwanga ukiutandaza unapungua nguvu sana na sisi tunaishia kwenye nyota angavu. Lakini nyota angavu zimeisha kuchunguzwa? Hata kidogo.

Manake tatizo la nyota nyingi angavu sio mwanga, ni muda. Darubini kubwa ni mgeni wa heshima, anapewa saa chache zilizoombwa miezi mingi kabla, anaondoka, na nyota haina habari na ratiba yake. Mtu wa ridhaa anarudi kwenye nyota ile ile leo, kesho na mwaka ujao bila kumuomba mtu kibali. Kuna nyota zinaitwa Be, zinazunguka kwa kasi kubwa mno mpaka zinatupa gesi na kutengeneza diski kiunoni, diski inatokea, inanenepa, inapotea, wakati mwingine ndani ya wiki wakati mwingine kwa miaka, na ukiangalia kwa macho huoni chochote lakini mstari wa haidrojeni unakuonyesha yote, unabadilika kutoka mweusi kuwa wa kung'aa, unagawanyika mara mbili, upande mmoja unazidi mwingine. Ya kwanza ilitambuliwa na Padri Angelo Secchi mwaka 1866, Gamma Cassiopeiae, na mpaka leo kwanini diski zinakuja na kuondoka hakujaeleweka vizuri. Hata kwenye Kilimia chetu mnachokijua wote zimo, Pleione ni mmojawapo. Kuna hifadhidata inaitwa BeSS iliyo chini ya Paris Observatory na humo spektra nyingi sana zimepelekwa na watu wa ridhaa, zinakaguliwa, zinahifadhiwa, na watafiti wanazitumia kwenye makala zao.

Delta Scorpii ni mfano ambao hata asiye na darubini anaweza kuufuata. Nyota hii ya kwenye kichwa cha Nge ilikuwa imetulia zake kwenye vitabu kama nyota ya kawaida, mwaka 2000 Sebastián Otero wa Argentina, mtu wa ridhaa, akaona kwa macho yake kwamba imeongezeka mwanga. Spektra zikapigwa, haidrojeni inang'aa, nyota imeanza kuwa Be watu wakiangalia. Ina mwenzake anayeizunguka kwenye njia iliyorefuka sana na kuikaribia kila baada ya karibu miaka 11, na mwaka 2011 alipokaribia tena spektrografu ndogo za nchi mbalimbali zilikuwa zimeshamsubiri.

Na mfano mwingine umewahi kupita kwenye gazeti lako mwenyewe bila nyie kujua. Mnakumbuka ile picha ya Webb ya Oktoba 2022 yenye pete za vumbi zimepangana kuzunguka nyota, zaidi ya 17? Hiyo ni WR 140, nyota mbili zenye upepo mkali zinakaribiana kila baada ya miaka 7.9, zikikaribiana pepo zinagongana na pete mpya ya vumbi inazaliwa. Picha mliichapa kubwa tu. Sasa hiyo njia ya kuzungukana imepimwa kwa kutumia nini? Kwa spektra, mistari ikienda na kurudi. Januari 2009 nyota hizo zilipokaribiana, wataalamu walishirikiana na timu za watu wa ridhaa waliopokezana usiku baada ya usiku kwenye darubini ya sentimita 50 kule Tenerife, na data zao zikaingia kwenye makala ya kitaalamu pamoja na za wataalamu. Kwa hiyo ile picha yenu ya kupendeza ina watu wa darubini ndogo nyuma yake. Mngewataja hata kwa mstari mmoja.

Niguse na kosa moja dogo la kwenye makala, lile la kusema elementi yenye mstari mnene ndo imejaa kwenye nyota. Sio kweli na wala sio aibu ya mwandishi, wataalamu wenyewe walinasa hapo miaka mingi. Jua limejaa mistari ya chuma na kalsiamu, watu wakadhani Jua limeundwa karibu sawa na dunia. Mwaka 1925 mwanaastronomia Cecilia Payne kwenye tasnifu yake akaonyesha kwamba unene wa mstari unatawaliwa sana na joto, na ukishalipigia hesabu joto haidrojeni na heliamu ndo zinazozidi kila kitu kwa mbali. Henry Norris Russell, mkubwa wa fani wakati huo, akamshauri kwamba matokeo hayo hayawezekani, nae akalazimika kuandika kwamba huenda sio ya kweli. Miaka minne baadae Russell mwenyewe akafika kwenye jibu lile lile kwa njia yake. Kwa hiyo mistari ya haidrojeni ya Vega ni minene kwasababu Vega iko karibu kelvini 10,000, joto ambalo mistari hiyo inaonekana vizuri kuliko joto lingine lolote, na sio kwamba Jua lina haidrojeni kidogo.

Kuna faida nyingine ambayo wapiga picha hawana. Mwezi mpevu ukitoka mpiga picha za galaksi anafunga vitu vyake anaenda kulala. Mtu wa spektra anaendelea, manake kwenye mwanya mwembamba anga inayoingia ni kidogo, na iliyoingia inapimwa pembeni ya nyota na kutolewa. Taa za mjini nazo zina mistari yao, zebaki iko 435.8 na 546.1, ukizikuta kwenye data unajua zimetoka wapi na unaziondoa, wengine wanazitumia kabisa kukaliburishia. Yaani uchafu unageuka kipimo.

Anayetaka kuonja kabla ya kununua chochote akate kipande cha DVD, njia zake zimekaa mikromita 0.74 moja kutoka nyingine kwa hiyo ni gretingi ya mistari karibu 1,350 kwa milimita, akiweke ndani ya boksi jeusi lenye mwanya mwembamba upande wa pili na aangalie anga la mchana, mistari ya Fraunhofer itaonekana. Anga nimesema, sio Jua lenyewe, macho hayana spea.

Ombi langu kwako mhariri ni moja. Kuna nyota inaitwa T Coronae Borealis, iko kwenye Taji la Kaskazini, ililipuka 1866 na ikalipuka tena 1946, kwa hiyo wengi wameiwekea macho. Ile ya 1866 Huggins huyo huyo aliiangalia akiwa na mwenzake Miller akaona haidrojeni inawaka badala ya kuwa nyeusi. Ikifika zamu yake chapeni picha kama kawaida yenu, ila pembeni yake wekeni na spektra iliyopigwa kwa darubini ndogo, zitakuwepo nyingi za kuchagua na wenyewe watawapa kwa furaha. Safu mbili zinatosha. Na zile namba za nanomita chini ya mchoro msizikate ili ukurasa uonekane msafi, bila hizo mchoro hausemi kitu.

Msomaji wenu wa ukurasa wa sayansi